Kasiksi ya familia inatoka katika ardhi ya nani?

Jumamosi moja baba mdogo alishuka kutoka Kabare akaja kwangu Bukavu, mashariki mwa Kongo, na bidoni mbili za njano. Ya kwanza ilikuwa na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, lita 20, mdomo umezibwa kwa jani la mgomba lililokunjwa. Ya pili ilikuwa imekatwa juu kwa kisu, na ndani yake mlikuwa na makaratasi ya shamba, yamefungwa katika mifuko mitatu ya plastiki yasilowe. Akanikabidhi zote mbili kwa mpigo. "Hii unywe," akasema, "na hizi unisomee. Si wewe uliyesomeshwa Kifaransa kwa ndizi hizi?"

Hakukosea. Minervali yangu, yaani karo, ya sekondari ililipwa kwa kasiksi, bidoni baada ya bidoni.

Katika yale makaratasi kulikuwa na kipande cha mwaka 1961 chenye alama za vidole vya watu wanne, kinachoeleza kwamba babu alitoa ng'ombe jike mmoja na mbuzi wawili, akapewa mteremko ulio kati ya kijito na njia. Kulikuwa pia na fotokopi ya cheti cha uandikishaji, karatasi ya Serikali yenye muhuri na mchoro wa kadasta, ofisi ya kupima na kuandikisha ardhi, inayoonyesha kwamba sehemu ya chini ya mteremko uleule ni ya mtu mwingine, ambaye sitamtaja. Nilizitazama zote mbili mpaka jioni. Hakuna iliyoghushiwa. Kila moja inasema kweli kwa lugha yake, na hapo ndipo kichwa kilianza kuniuma, wala sikuwa nimegusa bidoni ya kwanza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifungua fundo hili polepole, nikiuliza wazee, nikisoma sheria, nikiketi na avoka (wakili) mmoja pale Nyawera, hapa mjini. Nilidhani ningeanzia kwenye sheria. Kumbe mtu hawezi kuelewa sheria ya ardhi ya Bushi, nchi yetu sisi Bashi, kabla hajaelewa shimo la kuivishia ndizi.

Shimo na mtobe

Kasiksi ni divai ya ndizi, ingawa wengi wetu tunaiita pombe tu. Haipikwi kama bia. Hakuna moto chini ya chungu, hakuna kuchemsha. Ndizi zake si zile za kupika. Ni ndizi za pombe, zenye ukakasi unaokaza ulimi ukizitafuna. Ukakasi huo ndio siri ya kazi, na nitaurudia.

Kwetu ndizi hukatwa zikiwa zimekomaa lakini bado za kijani. Shimo linachimbwa karibu na migomba yenyewe, linatandikwa majani makavu, linapashwa joto kwa moto mdogo, kisha ndizi zinashushwa na kufunikwa majani mabichi, halafu udongo. Moshi na joto huziharakisha. Baada ya siku nne, tano, au sita kukiwa na baridi ya Juni, karibu wanga wote umegeuka sukari. Mzee anayejua kazi hafungui shimo kutazama. Anaweka pua karibu na udongo, ananusa.

Kisha zinamenywa, zinamiminwa katika mtumbwi wa mti, chombo kirefu kilichochongwa katika gogo moja, na wanaume wanazikamua pamoja na nyasi ndefu. Wageni hufikiri nyasi ni uchafu wa kienyeji. Sivyo. Ndizi iliyoiva ikikamuliwa peke yake inakuwa uji, haitoi maji. Nyasi zinashika nyama ya ndizi na ule ukakasi wake, vinagandamana, na juisi safi inatiririka upande. Hiyo ndiyo mtobe, tamu kupita kiasi, wanayopewa watoto na wajawazito kabla haijageuka. Mikungu kumi mizuri kwetu hutoa mtobe wa kujaza bidoni tatu, ukiongeza maji kidogo.

Mtobe unapotiwa unga wa mtama uliokaangwa ndipo unapoanza kuwa kasiksi. Mtama unaleta hamira ya asili, unaleta rangi, unaleta ule uchungu mdogo wa mwisho. Chombo kinafunikwa mahali penye joto, na baada ya siku mbili au tatu kinaanza kuongea, kama tunavyosema nyumbani: mapovu yanasikika ukisimama mlangoni. Inanywewa hapohapo. Siku ya tano inaanza kuwa kali, siku ya nane umechelewa. Ndiyo maana kasiksi haina mwaka wa mavuno ulioandikwa ubavuni mwa chupa kama divai ya zabibu. Umri wake hautafutwi ndani ya chombo, unatafutwa shambani.

Hapo ndipo watu wa mjini wanapoachwa nyuma. Anayenunua kikombe Kadutu, hapa Bukavu, anaona kinywaji cha siku tatu. Haoni kwamba kisiki kilichozaa mkungu ule kilipandwa na mtu aliyekufa kabla ya yeye kuzaliwa.

Udongo unaotengenezwa na jikoni

Wafaransa wanaotengeneza divai wana neno moja, terroir, ambalo kwao linabeba udongo, mteremko, mvua, jua na mikono ya watu kwa pamoja. Padri mmoja alitueleza neno hilo darasani miaka mingi iliyopita akizungumzia Bourgogne, mkoa wao wa mizabibu, nami nikawaza kimoyomoyo: kwetu udongo hatuukuti, tunautengeneza.

Ni kweli kwamba sehemu za Kabare zimebarikiwa. Mawe ya volkano ya zamani yaliyooza yanatoa udongo mwekundu, mzito, unaohifadhi maji, na sisi tuko juu ya Ziwa Kivu, ambalo lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, kwa hiyo mvua haitunyimi. Lakini nenda mita mia kutoka nyumbani, kwenye kipande cha mihogo, chimba, halafu rudi uchimbe chini ya migomba ya nyuma ya jiko. Ni nchi mbili. Chini ya migomba udongo ni mweusi na unanuka uhai. Miaka 60 ya majivu, maganda, mabaki ya ndizi zilizokamuliwa, takataka za jikoni, na zaidi ya yote samadi ya ng'ombe, ndiyo iliyoumba weusi ule.

Kwa hiyo shamba la migomba si kitu ulichokipata, ni kitu ulichokijenga, kama nyumba. Nalo linaweza kubomoka kama nyumba. Vita vya kuanzia 1996 vilipopita vilichukua ng'ombe kwanza, na kijiji kisicho na ng'ombe kina migomba myembamba baada ya miaka michache. Baba mdogo ana ng'ombe mmoja sasa. Babu alikuwa na saba.

Mgomba una tabia nyingine tunayoisahau kwa sababu tunaiona kila siku: haufi. Shina moja huzaa mkungu mmoja, linakatwa, lakini kisiki kinaendelea kutoa machipukizi, mama, binti, mjukuu, mahali palepale au hatua moja pembeni. Maharage yanakaa miezi mitatu, mahindi minne au mitano, mihogo mwaka na zaidi. Mgomba unakaa kuliko mpandaji. Wazee wa Bushi waliliona jambo hili mapema, wakajenga juu yake sheria nzima.

Kalinzi na bwasa

Katika desturi ya Bashi ardhi yote kwa jina ni ya Mwami, mfalme wa kimila, na inashuka kutoka kwake kupitia wakubwa wa vilima hadi kwa mwenye nyumba. Kuna njia kadhaa za kuipata, lakini mbili ndizo zilizobeba maisha ya watu.

Ya kwanza ni kalinzi. Mtu anatoa kitu cha thamani, zamani ng'ombe, leo mara nyingi fedha, mbele ya mashahidi, na anapewa haki ya kudumu juu ya ardhi, yeye na watoto wake na watoto wa watoto wake. Wengi hutafsiri kalinzi kama kununua, na hapo wanapotea. Anayenunua shati sokoni hana undugu na muuzaji baadaye. Anayetoa kalinzi anakuwa mtu wa yule aliyempa: anamheshimu, anamuunga mkono, na kinadharia akiasi anaweza kunyang'anywa. Ng'ombe yule ni kiungo kati ya nyumba mbili kuliko kuwa bei.

Ya pili ni bwasa. Asiye na kalinzi, au aliye na ardhi ndogo, anaomba kulima kipande cha mwingine kwa msimu au mwaka, na analipa kwa siku za kazi au kwa fedha. Anaruhusiwa maharage, mtama, viazi vitamu. Haruhusiwi migomba. Sharti hilo ndilo ufunguo wa makala yote hii, kwa hiyo nalisema tena: mwenye bwasa hapandi mgomba. Si kwa sababu ya uchoyo. Ni kwamba mgomba ukishasimama pale umeshasema jambo ambalo halifutiki: mwenye kuupanda hana mpango wa kuondoka. Kumruhusu mpangaji apande migomba ni kumpa ardhi bila kutoa kauli.

Ukielewa hivyo, kasiksi inabadilika mbele ya macho yako. Mwenye kasiksi yake ni mwenye migomba yake, na mwenye migomba yake ni mwenye kalinzi. Mtu aliyekuwa akipeleka kasiksi kwenye posa au kwenye msiba hakuwa anapeleka kinywaji tu; alikuwa anaonyesha cheo. Nyumbani kwetu, kalinzi ya 1961 yenyewe ilifungwa kwa kasiksi. Mashahidi wanne walikunywa katika kibuyu kimoja, na vile vidole vilivyobaki kwenye karatasi, anasema baba mdogo, vilibonyezwa baada ya kibuyu kwisha. Karatasi ililetwa na karani kijana aliyetaka mambo ya kisasa. Kwa wazee kibuyu kilitosha.

Baadaye ikaingia njia ya tatu, bugule, kununua kwa fedha taslimu bila undugu wowote. Iliongezeka kadiri watu walivyozidi na fedha zilivyoingia vijijini. Leo vijana wengi hawatofautishi tena bugule na kalinzi. Wote wanasema "tulinunua". Sikubaliani nao, lakini nawaelewa.

Serikali nayo ina yake

Wazungu walipofika walikuta milima iliyojaa haki za namna hii, nyingi zisizoonekana kwa mtu asiyejua kutazama. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, iliyopewa kazi ya kugawa ardhi kwa masetla, na milima ya Kivu ikajaa mashamba ya kahawa, chai na mkwinini. Ardhi isiyo na migomba wala nyumba ilihesabiwa kuwa tupu. Malisho yalionekana matupu, ardhi iliyopumzishwa ilionekana tupu. Kwa hiyo hata kabla ya uhuru watu walishajifunza kwamba mgomba unamzuia mzungu kidogo, na nyasi hazimzuii.

Uhuru haukuyafuta hayo. Mwaka 1966 sheria inayojulikana kwa jina la Bakajika iliirudishia Serikali haki zote za ardhi zilizogawiwa na koloni. Kisha ikaja sheria ya Julai 20, 1973, ambayo pamoja na marekebisho ya 1980 ndiyo avoka aliyoniwekea mezani. Kifungu cha 53 kinasema udongo ni mali ya Serikali pekee, hauuzwi, hauhamishwi, na kuukalia muda mrefu hakumfanyi mtu kuwa mwenyewe. Raia anapewa haki ya kuutumia tu, konsesheni, na kwa Mkongomani inaweza kuwa ya kudumu. Ushahidi wa haki hiyo ni kitu kimoja: cheti cha uandikishaji.

Na kalinzi je? Vifungu vya 387 hadi 389 vinasema ardhi zinazokaliwa na jamii za wenyeji nazo ni za Serikali tangu siku hiyo, na kwamba haki za matumizi zilizopatikana ipasavyo juu yake zitapangwa na amri ya Rais. Amri hiyo ilingojewa. Wakapita marais. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alioa, akapata wajukuu, na amri haikutoka. Kalinzi ikabaki mlangoni, haijafukuzwa na haijakaribishwa. Katiba ya 2006 ilisogeza kiti kidogo: kifungu cha 34 kinalinda mali ya mtu binafsi au ya jamii iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Ni maneno mazuri. Lakini kwenye ofisi ya kadasta hukuti kiti hicho.

Sasa fundo letu linaanza kulegea. Mtu mwenye njia zake mjini anaweza kwenda kwa mkubwa wa kilima, akampa fedha, akapata saini kwamba kipande fulani hakina mtu. Anapeleka saini ofisini. Uchunguzi unaotakiwa kabla ya kugawa ardhi ya kijijini unafanywa, au unaandikwa kwamba umefanywa. Cheti kinatoka. Na sheria inasema cheti kikishatimiza miaka miwili hakitikisiki kirahisi. Aliyedhulumiwa anabaki na njia ya kudai fidia, si ardhi. Familia yenye kalinzi inaweza kuendelea kukamua ndizi kwa miaka miwili hiyo yote bila kujua kwamba saa inahesabu, kwa sababu hakuna aliyegusa mgomba hata mmoja. Mambo ya ofisini hayana kelele.

Kwa upande wa mkubwa wa kilima, nisimtetee, lakini nimweleze. Kwa macho ya desturi yeye hakuuza kitu. Alimkaribisha mtu mpya. Wakati wa babu, ng'ombe alimfunga mpaji kama alivyomfunga mpewa, na asingeweza kumweka mwingine juu ya mteremko uleule bila aibu. Fedha haina kumbukumbu kama ng'ombe. Mtoto wa ng'ombe yule wa 1961 alijulikana kijijini kwa jina.

Migomba haigawanyiki vizuri

Kuna adui mwingine, na huyu tunakula naye sahani moja. Babu alikuwa na wana watano na mabinti wanne. Kwa desturi wana ndio wanaorithi, na mmoja wao, mrithi mkuu, anasimama mahali pa baba. Kwa Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, watoto wote wa marehemu, wa kike na wa kiume, wako kundi la kwanza na wanagawana robo tatu ya urithi kwa usawa. Shangazi zangu wanaijua sheria hiyo, na mimi naona wana haki. Lakini kipande kilicho chini ya hekta moja ukikigawa kwa tisa unapata vipande ambavyo mgomba wa ndugu mmoja unatupa kivuli kwenye maharage ya mwingine, na shimo la kuivishia halina tena ndizi za kulijaza.

Wenye mizabibu Ufaransa wameonja dawa hiyohiyo. Sheria yao ya raia ya mwaka 1804 iliweka usawa kati ya warithi, na Bourgogne ikakatwakatwa kizazi baada ya kizazi. Clos de Vougeot, shamba la mizabibu lililoanzishwa na watawa wa Cîteaux katika karne ya 12, lina hekta 50 hivi, na kupitia mauzo na urithi sasa lina wenyewe karibu 80. Wengine wana mistari michache tu ya mizabibu. Mwaka 1970 Wafaransa walitunga sheria inayoruhusu familia kuiweka ardhi ndani ya kampuni ya ardhi ya kilimo: ndugu wote wana hisa, ardhi haikatwi, na mmoja analima. Nilipomweleza baba mdogo jambo hilo alicheka. "Sisi tumefanya hivyo tangu 1984, mwaka mzee alipofariki. Hatukujua kama linahitaji sheria."

Ni kweli. Migomba ya chini ya nyumba haijawahi kugawanywa. Kila mtoto ana kipande chake cha maharage juu ya njia, lakini migomba inakamuliwa kwa pamoja na fedha inagawanywa kwa zamu: mwezi huu minervali ya nyumba hii, mwezi ujao hospitali ya nyumba ile. Shangazi zangu, ambao desturi haiwapi ardhi, wanapata zamu yao kama wengine. Hakuna karatasi yoyote inayosema hivyo. Na kwa sababu hakuna karatasi, siku baba mdogo akifumba macho, kila mmoja atakumbuka zamu yake kwa namna yake.

Ugonjwa unaofuta ushahidi

Ningependa kuishia kwenye karatasi, maana karatasi angalau inabishaniwa. Lakini tangu mwanzo wa miaka ya 2000 kuna mnyauko wa bakteria. Ulijulikana kwanza Ethiopia, ulionekana Uganda mwaka 2001, na karibu wakati huohuo Masisi, Kivu ya Kaskazini, kisha ukateremka kuelekea kwetu. Majani yanakuwa manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zinaoza zikiwa na madoa ya kahawia, na shina likikatwa linatoa usaha wa rangi ya maziwa yaliyoharibika. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayouponya.

Wadudu wanaubeba kutoka kwenye ua jekundu linaloning'inia mwisho wa mkungu, na migomba ya pombe ya aina ya kayinja ndiyo inayoshambuliwa sana kwa njia hiyo. Lakini mchukuzi hodari kuliko nyuki ni panga. Wafanyabiashara wa kasiksi hununua mikungu ikiwa bado juu ya mti, wanaingia shambani na panga zao, wanakata kwako, wanakwenda kukata kwa jirani. Kwa hiyo biashara ileile iliyotulea ndiyo inayotuambukiza.

Agronomu aliyepita kijijini alifundisha mambo matatu, na yanafanya kazi kwa mwenye subira: kulivunja lile ua kwa mti wenye panda, bila kulikata, mara tu kichane cha mwisho kinapotokea, kupitisha panga motoni au kwenye maji ya Javel (dawa ya kuua vijidudu) kati ya mgomba na mgomba, na kulikata shina lenye ugonjwa usawa wa ardhi bila kung'oa kisiki kizima. Zamani waliambiwa wang'oe kila kitu. Wengi walikataa, na agronomu alidhani ni ukaidi.

Hapo nataka kuwatetea. Aliyeng'oa migomba alipanda nini badala yake? Maharage, mahindi, mihogo. Sasa simama njiani utazame mteremko wenye maharage kwa jicho la desturi: unaonekana kama shamba la bwasa, shamba la mpangaji. Utazame kwa jicho la mchunguzi wa Serikali: ardhi haina mimea ya kudumu, pengine haina mwenyewe. Familia inayong'oa migomba kwa afya ya shamba inaung'oa ushahidi wake. Wenye mizabibu wa Ufaransa walipovamiwa na mdudu wa filoksera katika miaka ya 1860 walipoteza mizizi karibu nchi nzima, ikabidi wapandikize mizabibu yao juu ya mashina ya mizabibu ya Marekani. Walipoteza mengi, lakini walipong'oa mzabibu hati ilibaki kwenye kabati la mthibitishaji. Kwetu kabati ni mgomba wenyewe.

Na sehemu ya chini ya mteremko, ile iliyomo kwenye cheti cha mtu mwingine? Ndiyo ile tuliyong'oa miaka minne iliyopita. Migomba 60 na ushei. Ilikuwa na maharage siku mchoro wa kadasta ulipochorwa.

Niliporudi kwa avoka na jambo hilo, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama kuna mashahidi wa 1961 walio hai. Yupo mmoja. Hasikii vizuri lakini anakumbuka rangi ya ng'ombe. Akaniuliza kama kuna mtu anayeweza kuonyesha visiki. Nikasema machipukizi yameanza kurudi katikati ya maharage, bila kupandwa na mtu. Avoka akataka yapigwe picha, na tarehe ionekane. Kuhusu ofisi ipi ya kupeleka pingamizi, na muhuri wa nani utakaohesabiwa kesho baada ya waasi wa M23 kuingia Bukavu Februari 2025, alikuna kichwa kama sisi sote. Akashauri tuandike kote tunakoweza kuandika na tuhifadhi kila risiti.

Fotokopi ina tarehe. Nimehesabu mara mbili: kabla ya miaka miwili kutimia imebaki miezi saba.

Baba mdogo alilala kwangu usiku ule. Kasiksi ilikuwa ya siku ya tatu, nzuri kabisa, tukaimaliza pamoja na majirani wawili wa parseli. Asubuhi aliniachia ile bidoni ya makaratasi, nimeiweka juu ya kabati. Ile nyingine aliisuuza kwa maji ya moto, akaipindua ikauka, akaondoka nayo. Jumatano walikuwa wanafungua shimo.